Mtani wa Nassibu Mbwana

Bunju,
3 Juni 1992

Ndugu Nassibu Mbwana,

Nakuita Ndugu kwa makusudi. Siku hizi kila mwenye tai ni Mheshimiwa na kila mwenye duka ni Bosi, na mimi nimekataa kubadilishiwa salamu na soko.

Jina langu unalijua. Mwaka 1974 niliandika gazetini kuhusu riwaya yako, *Mlango wa Uani*, nikasema ni kafa Ulaya, mtumba mtupu. Nadhani hujasahau, maana hata wasiokisoma kitabu walilishika neno hilo. Nilisema msimulizi wako ni koti la Mzungu aliyekufa, limekunjwa guniani, limeshushwa bandarini, nawe umelivaa bila hata kupunguza mikono. Sentensi ile ilikuwa nzuri. Bado naipenda, na ndiyo taabu yangu.

Sikuandikii kuomba radhi. Nakuandikia kwa sababu ya mwanafunzi mmoja mbishi anayeitwa Benedicta. Anataka kuandika tasnifu juu ya riwaya yako ndani ya mahali pake: Temeke, Wazaramo, kiwanda, misiba ya watu wa pwani. Nikamwambia hakuna Temeke mle zaidi ya majina ya mitaa. Akaniuliza, "Mwalimu, umewahi kukaa Temeke?" Nimesoma riwaya kwa lugha nne, binti huyu ananiuliza nimekaa wapi. Nimekaa Mlimani, nikakaa Kinondoni, na sasa niko Bunju kwenye nyumba isiyo na madirisha, nafuga kuku kama wahadhiri wenzangu wote, kwa kuwa mshahara wa Chuo Kikuu haumlishi hata jogoo.

Nakala anayoisoma kaipata kwa muuza karanga Manzese. Shirika lililokichapa kitabu chako limekufa, na vitabu vyake vinauzwa kwa kilo. Sura ya tano yote imekwenda na karanga.

Basi nijibu wewe mwenyewe. Ulikuwa unamsoma Mzungu gani? Kwa nini anayesimulia anasema "mimi" kama vile ndiye maiti, halafu anamtukana maiti huyohuyo? Na kwa nini maisha ya mtu yameparaganyika hivyo, uzee unatangulia harusi, harusi inatangulia jando? Kama una jibu, nitampa Benedicta. Kama huna, nitamwambia nilikuwa sahihi.

Theonest Rwegoshora

---

Tandika,
11 Juni 1992

Mtani Nikodemu,

Salamu kwako, mpagazi wetu wa Kinyamwezi, na kwa shemeji Apolonia.

Barua niliyoweka humu imekuja kwa kaka Nassibu, kwenye sanduku la posta la shule yangu. Mtu hai kamwandikia mtu hai. Niliisoma nimesimama uani, nilipofika mwisho nilikuwa nimekaa chini.

Arobaini yake ni Jumatano ijayo, na huyu bwana anauliza maswali. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili: ndugu yangu alifariki tarehe tisa Mei, kwaheri. Halafu nikakumbuka ulivyoruka kaburini mbele ya watu wote ukasema asizikwe, kuna kazi hajamaliza. Ukachukua miwani yake na kalamu yake, ukasema kuanzia siku ile Nassibu ni wewe mpaka utakapochoka. Maalimu wa msikiti alinuna. Sie tulicheka huku tunalia, kama inavyotakiwa. Sasa hii hapa barua ya Nassibu. Niambie nifanyeje.

Mwanaheri

---

Manzese,
14 Juni 1992

Mtani wangu Mwanaheri,

Usimwandikie. Niachie mimi.

Redio ilitangaza kifo cha Nassibu mchana kweupe, nchi nzima ikasikia. Huyu hakusikia kwa sababu anasikiliza redio za Ulaya. Na ni heri hakusikia. Angejua, angeandika tanzia tamu, mwandishi mahiri, pengo lisilozibika, watu wangempongeza kwa roho yake nzuri. Maiti kila mtu anamsifu, hana gharama. Mimi namtaka amwombe radhi mtu anayeweza kumkatalia.

Unajua kuna nini kwenye mfuko wa miwani ya kaka yako? Kile kipande cha gazeti cha 1974, kimekunjwa mara nne, kwenye mikunjo maneno yamefutika. Miaka kumi na minane kila akitaka kusoma kitu alikuwa anakigusa kwanza kile.

Nitamjibu kwa sauti ya Nassibu. Ndiyo kazi yangu. Nilikuwa mtani wake tangu siku ya kwanza pale stoo ya kiwanda, Mnyamwezi na Mzaramo meza moja, na ningetangulia mimi angekuja kulala kitandani kwangu na kunisema mbele ya Apolonia. Nitakuletea kila barua uisome kwanza. Ukiona nimekosea sauti yake, chana.

Kurasa za kitabu nimekusanya sitini sasa. Wauza karanga wananijua, wananiita mzee wa makaratasi.

Nikodemu

---

Tandika,
20 Juni 1992

Ndugu Theonest,

Umeniuliza nilimsoma Mzungu gani. Maktaba ya kiwanda ilikuwa nao wawili. Mmoja aliandika juu ya pampu, wa pili juu ya ufugaji wa nyuki. Chagua wewe ni yupi aliyenipotosha.

Maswali yako mengine nilishayajibu mwaka uleule wa 1974. Siku nne baada ya gazeti nilikuletea kikaratasi ofisini kwako. Nilikileta kwa mkono wangu, nikamkabidhi karani wako, nikarudi Tandika nikakusubiri siku tatu. Hukuja. Kitafute. Kama ulikitupa, sema ulikitupa, usiniambie kimeliwa na mchwa.

Wewe unasema ile sentensi yako bado unaipenda. Ngoja nikuambie ilifika wapi baada ya kutoka kwako. Ilifika kiwandani. Wenzangu hawakuwa wamesoma kitabu, ila gazeti walisoma. Wakaanza kuniita Kafa. Kafa, lete funguo za stoo. Kafa, chai imeiva. Haikuwa kwa ubaya, walinipenda. Wakaja vijana wapya wakadhani ndilo jina nililopewa na baba yangu. Nimepunguzwa kazi mwaka jana pamoja na wengine, na kwenye orodha iliyobandikwa getini, baada ya jina langu la kweli, mtu aliongeza kwa penseli: Kafa, ili wanijue.

Mwambie Benedicta amekuuliza swali zuri.

Nassibu Mbwana

---

Bunju,
6 Julai 1992

Ndugu Nassibu,

Sikukitupa. Mimi situpi karatasi, muulize mke wangu. Nimekipata ndani ya kamusi, kimepigwa taipu: "Kwetu kuna msiba wa baba mdogo. Njoo usikilize, kisha uandike tena. Pita mlango wa uani."

Sasa sikiliza na wewe. Kwetu Bukoba msiba hauna kadi ya mwaliko. Mtu anakufa, watu wanakuja. Ukimwita msibani, kwa karatasi, mtu aliyekupiga juzi gazetini, tena ukamwambia asipite mlango wa mbele, unamwambia nini? Nilidhani unanitakia kifo. Au unanidharau, nipite nyuma kama mleta kuni. Nilimwonyesha mwenzangu ofisini, akasema huyo ni mshairi wa uganga. Tukacheka, nikakiweka kwenye kamusi.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane na nilikuwa nalinda fasihi ya nchi hii. Usinicheke. Mashetani yalikuwepo kweli. Vijana walikuwa wanaandika kukata tamaa kusikokuwa kwao, kumekopwa vitabuni, wakati watu wetu wanajenga shule kwa mikono. Nilipiga wengi na wengi walistahili. Hukunijibu gazetini. Mtu akiguswa anajibu. Wewe ulinyamaza, nami nikasema, basi, hana jibu.

Lakini hilo la Kafa sikulijua. Nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Nitakuja Tandika Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Tukae, tubishane kama watu. Bado nasema sura zako hazina mpangilio. Nithibitishie uso kwa uso.

Theonest

---

Tandika,
10 Julai 1992

Mtani Nikodemu,

Anakuja. Umesoma? Jumamosi ya wiki ijayo. Nimwonyeshe nini, kitanda?

Nina jambo lingine, na hili silisemi kwa utani. Ile barua yako ya tarehe ishirini nilipoisoma nilisikia kaka anaongea. Ile habari ya nyuki. Nilienda jikoni nikalia na mwiko mkononi, wali ukaungua. Sijui kama nilikuwa nakushukuru au nakulaani. Nilishaanza kuizoea nyumba bila sauti yake, umeirudisha, na utaondoka nayo tena. Nitazika mara mbili, Nikodemu?

Mie ni mwalimu wa dini pia, watoto wananiita Maalimu. Uongo ni uongo. Najua utaniambia mtani hasemi uongo, anasema marehemu. Haya. Lakini yule bwana hajui kama yuko msibani. Sie wote tuliokuwa uani siku ile tulijua.

Maliza upesi.

Mwanaheri

---

Tandika,
12 Julai 1992

Ndugu Theonest,

Usije. Sijiwezi, wala sina hali ya kupokea wageni, na huo si uongo.

Nikwambie cha kufanya. Kaa hukohuko Bunju. Huko kuna Wazaramo na Wakwere waliokuwepo kabla ya nyumba yako isiyo na madirisha. Mmoja wao akifa, nenda. Usikae mbele na wazee wenye makoti, huko utasikia hotuba. Zunguka nyuma, kaa uani karibu na masufuria, na usiandike kitu. Muulize mtu yeyote: mtani wa marehemu ni nani? Ukishaonyeshwa, msikilize huyo tu.

Halafu urudi kwenye kitabu, uniambie nani anaongea mle ndani.

Ulisema sikujibu gazetini. Nilikujibu kwa kitu ninachokijua. Hukuwa na haja nacho.

Nassibu

---

Bunju,
22 Agosti 1992

Ndugu yangu Nassibu,

Jirani yangu Mzee Mudathir, Mzaramo aliyekuwa anasuka makuti, amefariki tarehe nane mwezi huu. Nilikwenda. Nilizunguka nyuma, nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, wanawake wakanitazama kama nimepotea, mmoja akanipa vitunguu nimenye. Nikauliza kama ulivyoniagiza.

Mtani wake ni mama mmoja Mnyamwezi, Demetria, anauza samaki Kawe. Aliingia kwa mlango wa uani bila hodi, amevaa koti la marehemu na kofia yake, akajitupa mkekani akakohoa. Nassibu, alikohoa kikohozi cha Mzee Mudathir. Mimi nilikuwa nakisikia kile kikohozi kila asubuhi ng'ambo ya ua, nikasimama bila kutaka. Akasema, "Nileteeni maji, nimekufa na kiu, mke wangu mchoyo hata kwa maiti." Mjane alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akacheka, kisha ndipo akalia kilio chenyewe.

Watu wakawa wanaingia. Akaja daktari wa zahanati, Demetria akasimulia ugonjwa wa marehemu. Akaja shemeji, akasema harusi, jinsi bwana harusi alivyojificha chooni. Akaja mzee kipofu, rafiki wa utotoni, Demetria akasema jando, na hapo akalia kwa sauti ya mtoto. Hakuna aliyemuuliza mbona uzee umetangulia. Mpangilio ulikuwepo, mimi sikuuona. Anafuata wanaoingia. Kila anayeingia anapewa kipande cha marehemu kilicho chake.

Nilirudi nyumbani nikafungua kitabu chako. Kila sura inaanza na mtu anapiga hodi. Sura saba, hodi saba. Zile hodi niliziona mwaka 1974. Nilizihesabu, nikaandika kwamba ni marudio yasiyo na kazi.

Nani anaongea? Mtani. Anayesema "mimi" ni mtani, na anamtukana maiti kwa kuwa yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa, na anampenda kuliko wote waliokaa mbele. Hakufia Ulaya. Hajawahi kutoka Tandika. Umechukua uani wa msiba wa Kizaramo ukaufanya umbo la riwaya, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya katika lugha hii, na mtu pekee aliyekuwa na elimu ya kulitambua na gazeti la kulitangaza alikuwa mimi, na nilikuwa sijui mtani ni nini. Niliishi katika mji huu nikijua misiba ya ndugu zangu tu, na vitabu.

Niombe radhi namna gani? Nimeandika nikachana. Nilianza kusema nilikuwa kijana, nikachana. Nikasema zama zilikuwa zile, nikachana hiyo pia. Kilichobaki ni hiki: Nilikukosea. Ulinifungulia mlango nikacheka. Nisamehe.

Nimeambatanisha makala ya gazeti. Inaanza hivi: "Mwaka 1974 nilisema *Mlango wa Uani* ni kafa Ulaya. Sikuwa nimefika Temeke. Kosa ni langu, si la kitabu." Sitaipeleka kokote kabla hujaisoma. Ukisema isiende, haiendi. Ukisema hunisamehe, nitakuelewa, na makala itakwenda vilevile ukiruhusu.

Na kama umeandika kingine, chochote, hata ukurasa, naomba niwe msomaji wako. Nitapita nyuma.

Theonest

---

Manzese,
30 Agosti 1992

Mtani Mwanaheri,

Nimeshindwa.

Barua yake hii hapa, isome. Ndiyo niliyoitaka. Hakuna mahali alipojificha. Nilidhani nitafurahi, nilishamwambia Apolonia apike pilau siku ikifika.

Nikavaa miwani, nikashika kalamu, nikaandika "Ndugu Theonest". Baada ya hapo sauti ya Nassibu haikuja. Matusi yake nayajua, maringo yake nayajua, namna anavyosafisha koo kabla ya kudanganya naijua. Hili silijui. Angemsamehe? Mimi Nikodemu ningemkatalia, halafu ningejuta. Au ningemsamehe kwa kuwa nimechoka. Lakini yeye? Nimekaa siku tano na sentensi ile. Mtani anaruhusiwa kusema kila kitu cha marehemu, nimegundua kuna kimoja hawezi.

Nakurudishia miwani, kalamu, na kile kipande cha gazeti. Mwandikie wewe, kwa jina lako. Ulisema kweli, hakujua kama yuko msibani.

Nikodemu

---

Tandika,
5 Septemba 1992

Mwalimu Theonest,

Shikamoo. Mimi ni Mwanaheri, mdogo wake Nassibu. Naomba ukae kabla ya kuendelea kusoma.

Kaka yangu alifariki tarehe tisa Mei mwaka huu, kwa ugonjwa wa sukari. Barua yako ya kwanza aliitangulia kwa siku ishirini na tano. Aliyekujibu ni mtani wake, Nikodemu wa Manzese, aliyefanya kazi naye stoo. Alichukua miwani na kalamu kaburini, kama yule mama wa Bunju alivyovaa koti. Ulipokwenda kwa Mzee Mudathir kumsikiliza mtani, ulikuwa umeshamsikiliza wetu karibu miezi miwili. Mimi nilijua na nikaruhusu, kwa hiyo unilaumu na mimi. Nyumba hii ilikuwa kimya sana.

Umeuliza kama aliandika kingine. Sikufichi. Kila Januari alinunua daftari jipya, akakaa hapa uani, akaandika ukurasa wa kwanza. Anayo madaftari kumi na saba. Nimeyafungua yote baada ya arobaini. Ukurasa ni uleule: mtu anapiga hodi mlango wa uani, na waliomo ndani wanasikilizana nani atakwenda kufungua. Baada ya hapo karatasi ni nyeupe mpaka jalada la nyuma. Nilidhani ni madaftari ya hesabu za nyumbani, mwaka mmoja nikachana kurasa mbili nikawashia jiko. Na mimi nina langu la kubeba.

Alikusubiri siku zile tatu. Nakumbuka kwa kuwa nilikuwa msichana, nikatumwa kukaa njia ya nyuma nimwangalie mtu mrefu kutoka Bukoba mwenye tai. Walipita watu wengi. Nilirudi kila jioni nikasema bado.

Kukusamehe kwa niaba yake siwezi. Nikodemu ameshindwa na yeye alikuwa na sauti yake. Kwa upande wangu sina chuki na wewe. Makala yako ipeleke, ni haki ya kitabu.

Mwanaheri Mbwana

---

Bunju,
24 Septemba 1992

Ndugu Nikodemu,

Nimechukua siku nyingi kukuandikia. Sina hasira na wewe. Ulinipa barua mbili za mtu niliyemnyamazisha, na katika maisha yangu hakuna aliyenibishia vizuri hivyo.

Makala niliipeleka kwenye mojawapo ya magazeti haya mapya. Mhariri ni kijana, akaniuliza Nassibu Mbwana ni nani. Nikamweleza robo saa. Akasema itatoka. Imetoka jana kwenye ukurasa wa barua, chini ya tangazo la mafuta ya kupikia. Kwa kukosa nafasi wamekata baada ya sentensi ya kwanza. Juu wameweka kichwa chao kwa herufi kubwa: KAFA ULAYA. Basi. Neno langu limechapwa tena, safari hii nchi nzima, na kosa langu limebaki kwenye sakafu ya chumba cha habari. Nilikwenda nikapiga meza, wakaniambia nilipie tangazo.

Tasnifu ya Benedicta itakuwepo. Itasomwa na watu watatu, mmoja wao mimi.

Naomba kitu, na najua si haki yangu kuomba. Mimi sina mtani huku. Siku nikifa watakuja ndugu na watasema vizuri. Wewe chukua tena ile miwani mara moja tu. Nijibu ile barua ya Agosti kwa sauti yake. Likiwa hapana, liwe hapana. Nitaamini ni yeye.

Theonest

---

Manzese,
4 Oktoba 1992

Mwalimu Theonest,

Gazeti nimeliona. Mwanaheri pia ameliona, shule nzima imeliona.

Mtani anasema siku za msiba. Watu wakishatawanyika anarudisha alivyochukua, anakwenda kwake na sauti yake. Miwani na kalamu viko Tandika.

Kurasa nilizokusanya zimefika mia moja na kumi, na sura ya tano imo karibu yote. Mwambie mwanafunzi wako aje azichukue, aulize mzee wa makaratasi, ataletwa.

Ungeandika Aprili angekujibu mwenyewe. Ningejua angesema nini ningekwambia, hata lingekuwa baya. Nimekaa naye meza moja miaka ishirini na miwili, na hilo silijui.

Nikodemu